Mjadala: Je, aliyebadilika ni Albena, au ni macho ya kijiji?

Ndugu wasomaji, wapo wanaoshikilia kwamba Yordan Yovkov, mwandishi wa Bulgaria aliyeigeuza hadithi yake fupi "Albena" kuwa tamthilia mwishoni mwa miaka ya 1920, alitaka kuuweka uzuri juu ya sheria, na kwamba mhusika wake mkuu anasamehewa damu kwa sababu tu ana sura ya kupendeza. Mimi sikubaliani nao, na naomba nipingwe kwa hoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kijiji kimoja cha Dobruja, eneo la kaskazini-mashariki mwa Bulgaria, Albena, mrembo aliyeolewa na Kutsar, mwanamume duni asiye na sura, anakamatwa kwa kuuawa kwa mumewe huyo. Watu wanafurika nje kumsubiri, wanawake wakiwa mbele kwa laana. Anapotoka, amevaa kama mtu aendaye sikukuu, na laana zinakauka midomoni. Waliokuja kumhukumu wanaanza kumlilia. Mzee mmoja anasihi asichukuliwe, kwani bila Albena kijiji kitabaki kuwa nini? Hapo ndipo Nyagul, mwenye kinu, ambaye naye ana mke, anapojitokeza na kukiri kwamba ana hatia pamoja naye.

Sasa tuulize ni nani aliyegeuka. Sura ya Albena ni ileile waliyoiona jana na juzi. Kilichogeuka ni jicho linalomtazama, na jicho hilo linamlilia kama mali ya kijiji inayopotea, si kama mtu anayekwenda kufungwa. Kwangu mimi, hapo Yovkov hausifu uzuri, bali anawaanika wanaouabudu.

Wenzangu hunijibu kwa methali ya uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti. Naiheshimu methali hiyo, lakini lawama yake yote inauangukia mkakasi, na yule aliyevutwa na rangi zake hasemwi kabisa; ilhali katika kisa hiki ndiye anayepaswa kusemwa kwanza.

Leo wako wanawake wengi wa Bulgaria wenye jina la Albena, na tangu mwaka 1969 upo mji wa mapumziko wenye jina hilo kwenye Bahari Nyeusi, kaskazini mwa Varna, ambako watalii huota jua bila kujua kwamba umepewa jina la mshtakiwa wa mauaji. Ufuko wa Kutsar, aliyeuawa, sijausikia.