Tumpige adui kabla hajatupiga? Tujadili bila matusi

Fundi Redio: Jana hapa kibandani kwangu Kisenyi, Kampala, tulibishana mpaka soda zikapoteza baridi. Nchi inayojua kwamba ng'ambo ya mpaka kuna watu wanapanga kuiumiza, ingoje bomu la kwanza au ivuke iwamalize hukohuko? Mimi nasema ivuke. Tarehe 16 Novemba 2021, siku ya mabomu, nilikuwa karibu na stesheni kuu ya polisi. Vioo vilinifuata hadi mlangoni mwa duka. Tarehe 30 mwezi huohuo jeshi letu la Uganda likaanza kupiga kambi za waasi wa ADF kule Kongo, Operesheni Shujaa. Nilishangilia, na sioni haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Iandikwe iwe sera ya taifa, basi.

Wakili Njaa: Fundi, mfano wako unakuumbua. Mabomu tarehe 16, jeshi tarehe 30. Huko si kuwahi, ni kujibu. Kuwahi ni Israeli kulipua kinu cha nyuklia cha Iraki mwaka 1981 kabla hakijaanza kazi. Au Marekani kuivamia Iraki hiyohiyo mwaka 2003 kwa ajili ya silaha ambazo hazikuonekana. Na sisi wimbo huu tulishauimba. Mwaka 1998 tulisema tumeingia Kongo kujilinda, tukajikuta Kisangani tunapigana na Wanyarwanda kwenye mji wa watu. Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague ilisema mwaka 2005 kwamba kujilinda hakukuwapo.

Afande Mstaafu: Wakili, umewahi kulala handakini hata usiku mmoja? Mnatafuna vifungu huku mnakunywa chai ya maziwa. Adui hatumi barua ya mwaliko.

Wakili Njaa: Chai yangu ni ya rangi, afande. Maziwa waachie wenye pensheni.

Afande Mstaafu: Pensheni ipi? Faili langu linazunguka ofisini tangu wajukuu hawajazaliwa. Usinichokoze.

Boda wa Nakivubo: Na ile faini ya dola bilioni kumi tunayowalipa Wakongo imetokana na hiyo "kuwahi" yenu? Ndiyo maana mafuta hayashuki bei.

Wakili Njaa: Si bilioni kumi, ssebo. Kongo walidai zaidi ya bilioni 11, mahakama mwaka 2022 ikawapa milioni 325, tulipe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano.

Boda wa Nakivubo: Umesema "si" kana kwamba milioni 325 ni chenji ya rolex, chapati ya mayai.

Gulu Mjini: Naomba niulize kuhusu Garamba, ile mbuga ya Kongo, maana ndiyo inayotuhusu sisi wa kaskazini. Desemba 2008 ndege zetu zilipiga kambi za Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, msituni Kongo ili tummalize kabla hajajipanga upya. Alikuwa ameshaondoka. Krismasi ileile watu wake waliingia Faradje na vijiji vya Doruma, wakaua mamia, wengine wakiwa kwenye sherehe. Sisi tulipiga, wakalipa wanakijiji ambao hawakuulizwa na hawakuwa na askari wa kuwalinda. Kwenye sera yenu, mstari wa watu hao uko ukurasa gani?

Afande Mstaafu: Kama kila mtu angefikiri hivyo, Amin angekuwa Ikulu mpaka leo. Nyerere hakungoja. Aliwahi!

Mtu wa Mutukula: Afande, hapo umekosea njia. Amin ndiye aliyevuka kuja kwetu Tanzania Oktoba 1978, akatangaza eneo lote hadi mto Kagera kuwa lake. Daraja la Kyaka lililipuliwa, na magofu ya kanisa yapo hadi leo. Ukipita kwenda Bukoba utayaona. Mwalimu alisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, na wakati huo tayari watu wetu walikuwa wameuawa. Tuliwakomboa. Semeni asante.

Mwana wa Nyendo: Asante ya nini? Mnatusimulia Kyaka, mbona hamsimulii Masaka yetu huku Uganda? Mji mlishauteka Februari 1979, halafu mkaanza kuangusha majengo moja baada ya jingine kulipiza kisasi. Babu yangu hakuwa askari wa Amin, alikuwa anauza vitenge. Ghorofa yake ilibaki ngazi tu, zinapanda kwenda hewani. Tulizichezea hizo ngazi utotoni.

Mtu wa Mutukula: Shukrani ya punda mateke.

Mwana wa Nyendo: Punda ni nani? Bakomboozi, hao wakombozi wenu, walifika wakiwa na mkono mtupu, wakarudi wakiwa na saa mpaka kwenye kiwiko.

Boda wa Nakivubo: 😂😂 Hata bibi yangu anasema hivyohivyo, na yeye ni wa Jinja.

Mtu wa Mutukula: Mnatukana Kiswahili na Waswahili, kwa Kiswahili. Mngekaa na Amin wenu.

Mwana wa Nyendo: Kwetu Kiswahili kilikuja na mtutu wa bunduki, mwenzangu. Nimekifuata mwenyewe baadaye, sokoni.

Fundi Redio: Jamani, niliuliza kuhusu sera.

Mama Bwera: Nilikuwa nasoma tu. Kutoka kwangu hadi daraja la Mpondwe, mpakani na Kongo, ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Usiku wa 16 Juni 2023 ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, bweni la wavulana wakalitia moto. Wanafunzi 37 wakauawa. Shujaa ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Jirani yangu bado anao ufunguo wa sanduku la mwanawe. Sanduku lenyewe liliungua. Sisemi askari warudi nyumbani. Wakiondoka leo, mimi kesho nahamia Kasese. Lakini Fundi, usiniambie ufa ulizibwa.

Afande Mstaafu: Pole sana, mama. Ila bila jeshi kule, shule zingekuwa kumi.

Mama Bwera: Hizo kumi umezihesabia wapi, baba?

Fundi Redio: Basi tuseme hivi: jeshi libaki Kongo, lakini lilinde mpaka kwanza. Hapo tunakubaliana?

Wakili Njaa: Hilo si swali uliloanza nalo.

Mtu wa Mutukula: Mimi bado nipo na mtu wa Nyendo. Weka hapa picha ya hiyo ghorofa ya babu, tuione.

Mwana wa Nyendo: Picha ilikuwa ndani ya ghorofa.