Tupeane uzoefu: "Nipe hapa babu, nikufanyie" (wa miaka 55 kwenda juu tukutane hapa)

Mpigachapa Mstaafu
Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, rika langu habari za leo.

Hili limenikaa tangu jana, nikaona nisipolisema litanivimbia. Nimepiga chapa miaka 31. Mashine ya chuma, ile ukikaribia mwisho wa mstari inalia kengele. Nilikuwa naandika bila kutazama vidole, bosi anasoma huku anatembea, mimi namfuata. Jana nimekwenda ofisi moja kufuatilia mafao yangu, binti wa dirishani hakuinua hata uso: "Baba, siku hizi unajaza mwenyewe kwenye mfumo, kwa simu."

Nikakaa kwenye benchi. Cha kuchekesha, herufi ni zilezile za mashine yangu, Q W E R T Y. Mpangilio huo ulitoka kwenye mashine za chapa za miaka ya 1870 na mpaka leo haujahama. Nazijua hata gizani. Lakini pale natumia kidole kimoja, kioo hakibonyei, na simu yenyewe inajitia ualimu: naandika jina langu la ukoo, inaligeuza neno la Kiingereza. Nafuta, inarudisha. Nafuta, inarudisha. Mara ya nne mjukuu niliyekwenda naye akanyoosha mkono. "Nipe hapa babu." Kufumba na kufumbua, kwisha. Nikasema asante mjukuu wangu. Njia nzima sikuongea.

Sijui hasa kilichoniuma ni nini, maana kazi ilifanyika. Wenzangu yamewakuta?

Miwani Mbili
"Nipe hapa." Hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko shikamoo.

Mwashi wa Zamani
Mimi mfumo ulinikataa vidole. Nimejenga tangu ujana, saruji imekula alama zote, na umri nao unakausha ngozi. Kijana wa mashine: weka kidole gumba mzee. Naweka, taa nyekundu. Futa uweke tena. Nyekundu. Lamba kidogo. Nikalamba, mbele ya foleni nzima. Kufika kidole cha nane akasema, mzee, mfumo hauoni vidole vyako. Nikainua vyote kumi nikamuuliza, na wewe huvioni? Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko hakikuwepo.

Dawa niliyopewa baadaye: paka mafuta dakika kumi kabla, kisha futa kwa kitambaa. Kilikubali cha kati, mkono wa kushoto.

Kijana Mtundu
Samahanini wazee wangu, lakini ukweli usemwe. Simu za kupangusa zimeanza kushika kasi 2007, si jana. Mtoto wa miaka mitatu anajifungulia katuni mwenyewe. Ninyi mmegoma kujifunza tu, ikiharibika tunaitwa sisi.

Mpigachapa Mstaafu
Mtoto wa miaka mitatu akikosea anakosa katuni. Mimi nikikosea nakosa mafao.

Mama wa Swichibodi
Kijana, hebu kaa chini nikusimulie. Nimefanya kazi ya swichibodi miaka 22, naunganisha watu kwa waya, nachomoa hapa nachomeka pale. Simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa New York tarehe 3 Aprili 1973. Aliyepiga ni Martin Cooper, injinia wa Motorola, kidude chenyewe kina kilo moja na ushee. Alikuwa na miaka 44, na unajua alimpigia nani? Mshindani wake wa kampuni nyingine, kumtambia tu. Sasa piga hesabu huyo ni rika la nani. Wazee ndio waliokutengenezea. Wewe umezaliwa ukaikuta imewashwa.

Na mimi siichukii. Zamani kuongea na mtu wa mbali ulibuku, ukasubiri hata saa nzima, na dakika zako zikiisha mimi ndiye niliyekukata katikati ya neno. Leo mjukuu aliye nchi nyingine ananionyesha jino lililong'oka, mpaka pengo naliona. Asubuhi naipenda simu hii, jioni natamani kuitupa kisimani.

Nyongeza kwa wanaolaumiwa kwamba hawapokei: masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba. Wekeni mlio mzito. Wangu unaunguruma kama lori.

Kijana Mtundu
Shikamoo bibi. Nimekaa.

Miwani Mbili
Na maandishi yanakuzwa, nenda kwenye setingi. Ila msifike mwisho. Mimi nilikuza mpaka kitufe cha kutuma kikasukumwa nje ya kioo, wiki mbili nasoma ujumbe wa watu sijibu. Dada yangu alishanuna.

Msomi Mtaani
Tusijionee huruma kupita kiasi. Kuna bibi wa Kijapani, Masako Wakamiya, alianza kompyuta akiwa anakaribia miaka 60. Mwaka 2017, ana miaka 81, akatoa mchezo wa simu alioutengeneza mwenyewe, Hinadan, kwa sababu michezo iliyokuwepo ilitaka wepesi wa vidole vya vijana. Mkuu wa Apple alimwalika kwenye mkutano wao. Sasa mtu wa miaka 60 anakuja kulia hapa?

Mwashi wa Zamani
Basi kila tukisema tunaumwa tunaletewa bibi wa Japani, kama wanafunzi wanavyoletewa yule aliyeshika namba moja. Mimi nataka kidole changu kisomeke. Mchezo wa simu wa nini?

Msomi Mtaani
Nimetoa mfano tu mzee, usipandishe presha.

Mwashi wa Zamani
Presha yangu iko sawa. Iangalie yako.

Bi Kimya
Huwa nasoma tu, sichangii. Hii ya "nipe hapa" imenitoa.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Kuandika hakupenda, vidole vyake vilikuwa vinene, anagusa herufi moja zinatoka tatu. Akajifunza kutuma sauti. Alikuwa akikibana kile kialama cha kipaza sauti kwa nguvu zote, kama mtu anayezuia mlango, na kabla hajasema neno anakohoa kwanza. Kila mara. Kama anapiga hodi. "Mama, ufunguo umeuweka wapi." "Nimefika, ila watu ni wengi." Mambo ya hivyo tu. Sikuwa nazitunza, zilikuwepo. Baada ya msiba nikawa nasikiliza moja kila usiku kabla ya kulala. Moja tu, nisizimalize upesi.

Miezi mitatu iliyopita simu ikaanza kusema imejaa. Nikitaka kupiga picha inakataa. Mjukuu akasema nipe hapa bibi, nikusafishie. Nia yake njema kabisa, wala simlaumu. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Hata dakika tano hazikufika akanirudishia: "Bibi, sasa nyepesi kama mpya." Na kweli ilikuwa nyepesi. Usiku nikafungua kwa mume wangu. Jina lipo, picha yake ipo, chini peupe.

Mtoto sijamwambia mpaka leo. Nilimwambia asante.

Miwani Mbili
Mungu wangu. Pole mama.

Mwashi wa Zamani
Pole sana dada. Nimesoma nikaiweka simu mezani kwanza.

Fundi Kioo
Shikamoo mama, na pole. Mimi natengeneza simu. Kitu kikifutwa hakiondoki palepale. Nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, kikiingia kipya ndipo kinakalia cha zamani. Ingekuwa siku ileile ningekwambia zima intaneti, usipige hata picha moja. Kwa miezi mitatu, na simu za sasa zinavyofunga data zake kwa siri, nisikupe matumaini ya uongo. Na akija mtu anasema ana programu ya kurudisha kila kitu, lipia kwanza, kimbia.

Kijana Mtundu
Mbona rahisi. Futa programu, pakua upya, inarudisha zote.

Fundi Kioo
Usimshauri mtu afute programu! Inarudisha nakala ya mwisho iliyohifadhiwa, na hiyo ni ya baada ya kusafishwa. Atapoteza hata kilichobaki.

Msomi Mtaani
Ndiyo maana nasema kila siku, mzee asimpe mtoto namba yake ya siri.

Mpigachapa Mstaafu
Na siku ukianguka bafuni, simu imefungwa, wampigie nani?

Msomi Mtaani
Namba ya dharura inapigika bila kufungua. Tena unaweza kuweka na majina ya ndugu, yanaonekana hata ikiwa imefungwa.

Mpigachapa Mstaafu
Nani alikuwekea?

Msomi Mtaani
Mwanangu.

Mpigachapa Mstaafu
Ehee.

Sina Bando
Mimi namba sikumpa mjukuu, nilimpa mwizi. Alipiga akasema mama, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako kimakosa, nisomee. Nikavaa miwani nikamsomea, tena polepole asikosee. Baada ya nusu saa "mimi" naomba hela kwa kila mtu ninayemjua, pamoja na mchungaji. Mchungaji alituma.

Miwani Mbili
😂😂 samahani mama, najua si ya kucheka.

Mama wa Swichibodi
Bi Kimya, nimelala nikaamka na jambo lako. Kazi yangu ilinifundisha kitu kimoja: kila waya una ncha mbili. Sauti zilizofutwa ni zilizofika kwako. Zilitokea wapi? Simu yake iko wapi?

Bi Kimya
Iko kwenye droo. Haijawashwa tangu siku zile. Nimekwenda kuitazama, mgongo umeachia, umetuna kama mkate.

Fundi Kioo
Bibi wa swichibodi, heshima yako. Hilo nilipaswa kulisema mimi. Sauti aliyotuma mtu inabaki na kwake pia, mara nyingi.

Mama, hiyo betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Mpelekee fundi abadilishe betri tu, na umwambie mara tatu: asiiflashi. Namba ya siri unaijua?

Bi Kimya
Siijui. Alikuwa anafungua kwa kidole.

Kijana Mtundu
Sasa si aiflashi tu ifunguke, halafu

Fundi Kioo
KUFLASHI KUNAFUTA KILA KITU. Kijana, kwa heshima zote, nyamaza kidogo.

Mama, msikae mkibahatisha. Namba ya tarakimu nne ina njia 10,000, na zipo simu zilizowekwa zijifute zikikosewa mara kumi. Jiulize alikuwa anaandika wapi mambo yake.

Sina Bando
Jaribu mwaka wa kuzaliwa. Wanaume wote ni mwaka wa kuzaliwa.

Mwashi wa Zamani
Amesema asibahatishe mama, umesoma kweli?

Msomi Mtaani
Mtu makini haandiki namba ya siri popote.

Miwani Mbili
Mtu makini wa miaka 30. Mimi zangu ziko kwenye daftari, nyuma, nimezigeuza kuanzia mwisho. Tatizo nasahau zipi nimegeuza.

Kijana Mtundu
Nimenyamaza kama mlivyosema, lakini niseme hili. Simu ya bibi yangu mimi ndiye niliyeisafisha mwaka juzi. Nilichagua zote, nikafuta. Sikumuuliza kulikuwa na nini.

Mama wa Swichibodi
Bado yupo?

Kijana Mtundu
Yupo.

Mama wa Swichibodi
Basi unafanya nini huku?

Bi Kimya
Nimerudi, ni siku ya nne leo. Betri imebadilishwa, fundi alinisikiliza. Namba nimeikuta ndani ya kasha la miwani yake, kikaratasi kimekunjwa mara nne. Mwanangu mkubwa aliwahi kumgombeza kwa kuandika namba kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu. Kumbe aliitikia ndiyo, akaihamisha tu.

Zipo. Nimehesabu 41. Nimefungua moja. Akakohoa. Nikaizima kwanza.

Miwani Mbili
Nalia na sijui nalilia nini, hata simjui mzee wa watu.

Fundi Kioo
Leo hii mama, usilale. Nakili kwenye kadi, nakili kwenye kompyuta ya mtu, na jitumie kwa barua pepe.

Mwashi wa Zamani
Asikilize kwanza. Kunakili kutakuwepo hata kesho.

Fundi Kioo
Mzee, hivyo ndivyo vitu vinavyopotea. Anakili kwanza.

Bi Kimya
Mjukuu yuko hapa. Nimemwambia aweke mikono nyuma, aongee tu, mimi nabonyeza. Tumefika ya 12.

Mpigachapa Mstaafu
Jamani, na mimi mwenye mada nisisahaulike. Fomu yangu imerudishwa. Wanasema jina la ukoo halilingani na kumbukumbu zao. Kumbe ile simu ilishinda siku ile, mjukuu naye katika haraka zake hakuona. Kwenye mfumo nimeandikishwa kwa lile neno la Kiingereza.

Sina Bando
Neno gani?

Mpigachapa Mstaafu
Siwaambii.