Tupeane uzoefu: meseji za shule kipindi cha korona, mitihani na ndoo ya koki

MamaK_Igoma
Wakuu habari za jioni. Jana simu iligoma kupokea picha, imejaa. Nikakaa kibarazani nafuta meseji za zamani, za mikopo, za kubeti, za "ile hela tuma kwenye namba hii". Katikati ya takataka nikakutana na hii ya shule, Mei 2020. Naiweka kama ilivyo:

"Mzazi, mwanafunzi kidato cha 6 aripoti 31/5 kabla ya saa 10 jioni. Aje na barakoa 3 za kitambaa, ndoo yenye koki, sabuni ya kipande, kitakasa mikono. Mzazi haruhusiwi kupita geti. Hakuna siku ya kutembelea. Mtihani unaanza 29/6. Mwenye kikohozi aj"

Imeishia hapo. "Aj". Aje na cheti? Ajitenge? Ajifie? Wakati ule niliipigia ile namba siku mbili, haipatikani. Nimeshindwa kuifuta. Hebu mliopitia yale mambo tupeane uzoefu.

SatoMbichi
Nakazia. Ya kwangu iliishia kwenye neno "ada".

Dagaa_wa_Mwaloni
Hiyo ya ada haijawahi kukatika tangu dunia iumbwe. Inafika nzima na nukta yake.

JiweLaBismarck
Mimi nilikuwa mtahiniwa mwenyewe, fomu foo (kidato cha nne) ya 2020. Waziri Mkuu alitangaza tarehe 17 Machi shule zinafungwa siku 30, tukashangilia darasa zima, hatujui tunashangilia nini. Siku 30 zikawa miezi mitatu na ushee. Watu wanasema kulikuwa na vipindi vya masomo kwenye TBC, ni kweli vilikuwepo, ila kwetu Igogo tivii ilikuwa ya duka la jirani, na jirani anaangalia mieleka. Mjomba akanichukua mwaloni Kirumba, nikawa naparua magamba ya sangara mpaka Juni. Tuliporudi tarehe 29 mwalimu wa Fizikia akaniuliza kanuni ya Ohm, nikamtazama kama namfahamu mahali. Akasema nenda kanawe kwanza. Nimenawa mara tatu, harufu iko palepale.

Mtihani tulianza 23 Novemba. Nilipata divisheni tatu ya mwisho mwisho. Nashukuru.

Binti_Pasiansi
Pole na hongera. Darasani kwetu wawili hawakurudi kabisa, mmoja alishakuwa na mimba, mwingine aliolewa Geita. Hao hawakuandikiwa meseji yoyote.

Mzee_wa_Levositi
Nilikuwa konda Buhongwa–Igoma. Levo siti, hakuna kusimama, trafiki anachungulia kila dirisha. Wanafunzi ndio walikuwa wanaachwa kituoni, maana nauli yao ilikuwa nusu na siti ndiyo hiyohiyo moja. Mnisamehe, watoto wa watu.

SatoMbichi
Kumbe ni wewe! Mwanangu alitembea kutoka Mkuyuni mpaka Nyegezi.

Mwl_Chaki_Vumbi
Naomba niwasemee walimu kidogo kabla hatujatukanwa. Mimi nilikuwa msaidizi wa taaluma wilaya ya Ilemela. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukizidisha inakatwa vipande, na kila kipande kinalipiwa. Mama K, hiyo yako ilikuwa vipande viwili au vitatu, cha mwisho kikapotelea hewani. Mkuu alikuwa ananiambia "mwalimu, fupisha". Nafupisha nini? Nitoe barakoa au nitoe tarehe ya mtihani?

Wazazi nao. Namba tulizonazo ni za fomu ya kujiunga ya miaka miwili nyuma. Ukipiga, anapokea fundi baiskeli wa Misungwi, hana mtoto. Kundi la wasapu lilikuwa na wazazi 40 kati ya 160 na kitu, waliobaki wana simu ndogo za kitochi. Na humo kwenye kundi, ukituma tangazo la mtihani, dakika mbili limefunikwa na sauti za jinsi ya kuchemsha majani ya mwarobaini.

Dagaa_wa_Mwaloni
Mwarobaini ulisaidia lakini.

Mwl_Chaki_Vumbi
Sikusema haukusaidia. Nimesema ulifunika tangazo.

Kijana_Nyakato
Mimi nasema ukweli, korona huku ilikuwa maneno tu. Tulipiga nyungu, kujifukiza mvuke, tukala malimau, maisha yakaenda. Hizo barakoa na ndoo za koki ilikuwa biashara ya shule na mafundi. Ndoo ya elfu tano ikawa elfu kumi na mbili ghafla kisa imetobolewa na kuwekwa koki.

Binti_Pasiansi
Maneno tu? Umejuaje, wakati takwimu tulitangaziwa mpaka mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509, kisha kimya zaidi ya mwaka?

Kijana_Nyakato
Kama kungekuwa na maiti mitaani tungeziona.

Mayu_Magu
Mimi nilizika baba Februari 2021. Tuliambiwa ni nimonia. Endeleeni.

Kijana_Nyakato
Pole sana mama. Nimekaa kimya.

MamaK_Igoma
Pole Mayu. Jamani turudi kwenye mada, ni meseji za shule na mitihani. Mambo ya nyungu yafungulieni uzi wenu.

Mama_Nansio
Nimesoma hiyo "aj" mwili ukanisisimka. Ngoja niandike, nina bando la usiku.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kidato cha sita hapo mjini Mwanza, bweni. Sisi tuko Ukerewe, baba yake yuko kambi ya dagaa kisiwani, mtandao mpaka upande juu ya jabali. Rais alipotangaza Mei kwamba kidato cha sita na vyuo wanarudi tarehe 1 Juni, niliisikia redioni nikiwa naanika michembe. Barakoa nikazishona mwenyewe kwa kitenge kilichobaki cha sare ya harusi, cha kijani kina picha za samaki. Nne, moja ya akiba. Mtoto alizikataa, eti atachekwa. Nikamwambia cheka na wewe.

Wakaenda. Mwezi mzima sijasikia neno, maana kutembelea marufuku na simu marufuku.

Tarehe 29 Juni, Jumatatu, siku ya kwanza ya mtihani, saa moja asubuhi kitochi kinaita. Sauti ya mwanaume, anaongea harakaharaka: "Mzazi wa fulani? Mtoto wako tumempima mlangoni mwa darasa, joto liko juu, thelathini na tisa, kwa hiyo tume—" Tii. Imekatika. Napiga, "salio lako halitoshi". Nakimbilia kwa jirani kukopa vocha, napiga, inaita haipokelewi.

Ndugu zangu, "tume". Tumempeleka? Tumemtenga? Tumemzuia? Tumempoteza? Kipindi kile ukisikia joto liko juu unaona kaburi lenye watu sita waliovaa nguo nyeupe.

Meli ya asubuhi ilikuwa imeshang'oa nanga. Nikachukua bodaboda mpaka Rugezi na kandambili moja ya bluu nyingine nyekundu, sijui hata ya pili ni ya nani. Mnakumbuka mwaka ule ziwa lilivyojaa, maji yamepanda mpaka kwenye migomba ya watu. Pale kivukoni tukavua viatu, kanga juu ya magoti, tukaingia kivukoni kwa kupita majini. Kivuko kikakaa kinasubiri gari la mtu mkubwa. Nikalia. Mama mmoja mwenye kapu la ndizi akaniuliza nimefiwa, nikasema sijajua bado.

Kisorya tukapanda Hiace. Konda anatangaza levo siti, nikalipa. Bunda nikabadilisha. Lamadi, Magu, Kisesa, kila kituo naona gari linasimama makusudi. Saa tisa alasiri niko geti la shule. Mlinzi ananiambia nawa. Nikanawa. Ananiambia mzazi haruhusiwi

Ngoja mtoto analia, narudi.

SatoMbichi
Wee mama! Utatuua.

Dagaa_wa_Mwaloni
Naweka kigoda hapa.

Mzee_wa_Levositi
Yaani na yeye amekatika kama meseji.

Mwl_Chaki_Vumbi
Wakati tunasubiri: zile bastola za kupimia joto tuzijadili. Yetu ilikuwa moja kwa watahiniwa wote, na betri zinaisha. Asubuhi ya baridi ilisoma mtoto 32. Nikamwambia kijana wangu kwa mujibu wa kipimo hiki wewe umeshakufa, ingia kafanye mtihani. Mwingine amekimbia kutoka bweni, 38. Tukawaweka kivulini robo saa, tukapima upya, 36.5. Sasa kwa nini mwalimu yule alikimbilia simu kabla ya kivuli?

Binti_Pasiansi
Mwalimu, isije ikawa ni wewe uliyempigia.

Mwl_Chaki_Vumbi
Si mimi. Ila salio kukatika katikati, tulikuwa wengi. Vocha ni ya mfukoni kwako.

Bukoba_Kwetu
Mnanikumbusha Machi 2023, Marburg ilipoingia huku Kagera. Meseji za shule zikarudi vilevile, ndoo, maji tiririka, safari hii tukaongezewa tusishikane mikono misibani. Fundi wangu wa koki alicheka peke yake.

Mama_Nansio
Nimerudi. Amelala.

Mlinzi akagoma. Nikamwambia mimi natoka Ukerewe, akasema hata ungetoka mbinguni, amri ni amri, ila zunguka upande wa uzio wa minyaa, kuna pengo la mbuzi. Nikazunguka. Nikachuchumaa pale kama mwizi wa kuku. Darasa zote kimya, wanafanya pepa ya mchana. Na pembeni, chumba kidogo kama stoo ya jembe, madirisha wazi, msimamizi amekaa nje ya mlango na kiti chake, barakoa mpaka chini ya macho. Ndani siwezi kuona.

Saa kumi na moja kengele. Wanatoka wote. Mmoja, wawili, kumi, hamsini. Wangu hayumo. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa kwenye kokoto. Ndipo mlango wa ile stoo ukafunguliwa, akatoka mtu mmoja mwembamba, amejifunika sweta, na usoni samaki wa kijani.

Sikuita. Sauti haikutoka. Nilirusha kokoto. Akageuka, akaja hatua chache, msimamizi akamwambia simama hapo. Tukaongea kwa umbali wa kama kutoka hapa mpaka jikoni. "Mama, ni malaria. Wamenipima kidole asubuhi. Nimekunywa dawa." Nikamuuliza umefanya mtihani? "Nimefanya zote mbili." Nikamuuliza umekula? Akacheka. "Mama, umevaa kandambili za watu."

Kumbe "tume" ilikuwa "tumemwandalia chumba chake". Basi.

SatoMbichi
Machozi yamenitoka ofisini, bosi ananiangalia.

Kijana_Nyakato
Hapo mwalimu alifanya kazi. Wengine wangemrudisha nyumbani.

JiweLaBismarck
Sikubali. Mtoto ana malaria joto 39 anafanya pepa mbili kwenye stoo? Angeahirishiwa.

Mwl_Chaki_Vumbi
Aahirishiwe mpaka lini, kijana? Mtihani wa taifa una ratiba moja nchi nzima. Ukikosa, unasubiri mwaka unaofuata. Mgonjwa anatengewa chumba na msimamizi wake, ndivyo inavyofanyika, hata tetekuwanga.

JiweLaBismarck
Bado sikubali.

Mama_Nansio
Hata mimi mwalimu nilimshukuru na kumlaani siku hiyohiyo. Mtoto alipata mbili, sasa anafundisha Chato. Ushauri wangu: shuleni andikisha namba tatu. Yako, ya jirani mwenye duka, na ya mtu aliye mjini.

Dagaa_wa_Mwaloni
Usiandike ya jirani mwenye duka. Wangu alinisomea meseji mbele ya wateja, mtaa mzima ukajua nadaiwa ada.

Mzee_wa_Levositi
Andika ya bodaboda. Hajawahi kuzima simu.

Binti_Pasiansi
Ya mama mkwe msiandike. Naishia hapo.

Mayu_Magu
Mama K, nimetafuta kwenye simu ya marehemu. Shule si ileile lakini walituma karibu maneno yaleyale, nadhani walimu walikuwa wananakiliana. Ya kwetu imefika nzima: "Mwenye kikohozi ajulishwe kwa mwalimu wa taaluma mapema. Asifichwe."

MamaK_Igoma
Asifichwe.

Asante Mayu. Sasa niseme tu, maana nilizunguka. Kwa nini niliipigia ile namba siku mbili? Wangu alikuwa anakohoa. Wiki nzima nampa asali na kitunguu swaumu, na usiku nampiga nyungu kwenye sufuria ya ugali. Nilidhani neno ni "ajitenge", na akijitenga anakosa mtihani. Nikamwambia ukifika getini kaza kifua, pumua kwa pua, ukizidiwa jifanye umepaliwa. Akapita. Akafanya, akafaulu. Ila aliyelala kitanda cha juu yake alikohoa mwezi mzima, mwanangu alinisimulia mwenyewe likizo. Sijui kilikuwa kikohozi gani. Sijawahi kumuuliza mama wa yule mtoto.

Mwl_Chaki_Vumbi
Mama K, waliofichwa walikuwa wengi. Tulikuwa tunawasikia usiku bwenini.

SatoMbichi
Na ile ndoo ya koki iko wapi?

MamaK_Igoma
Ninayo. Koki inavuja, natunzia unga wa muhogo.