Gari litakaa miezi mitano bila kuendeshwa, betri niifanyeje?

Kimara_Mwisho
Wakuu, habari za majukumu. Mwezi ujao nakwenda kozi nje ya nchi, narudi baada ya miezi mitano. Gari ni Toyota IST, betri ni NS60 ya maji, Ah 45 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), bado mpya. Litalala uani chini ya banda la mabati, ndani ya geti. Lina tracker, na alamu niliyofungiwa mtaani.

Shemeji anakaa hapo hapo nyumbani, kajitolea kuliwasha kila Jumapili dakika kumi. Mzee jirani yeye anasema nichomoe betri, ila nisiithubutu kuiweka kwenye sementi, eti sementi inanyonya chaji. Nimsikilize nani? Nikirudi sitaki kuanza na kununua betri.

Dereva wa Bara
Shemeji awashe, yaishe. Langu huwa nawaachia vijana wanaliwasha hivyo hivyo na halijawahi kunigomea.

Fundi Waya
Mkuu Dereva, hapo nakupinga. Watu hudhani kinachomaliza betri ni ile kupiga stata. Stata inavuta moto mkubwa, sawa, lakini ni sekunde mbili tu. Betri inamalizwa na vitu vinavyokula kimya kimya gari likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya gari, alamu, tracker.

Piga hesabu. Gari likivuta miliampea 50 likiwa limelala, kwa siku ni Ah 1.2, kwa wiki Ah 8.4. Sasa Jumapili shemeji anawasha dakika kumi. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ikipeleka hata ampea 10 muda wote huo, kilichorudi hakifiki Ah 2. Kila wiki deni linakua. Na injini ya dakika kumi haijapata moto wa kutosha, mvuke unabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Kama ni kuliendesha, aliendeshe kweli, nusu saa barabarani. Kuunguruma uani hakusaidii kitu.

Dereva wa Bara
Basi mbona langu linawaka?

Fundi Waya
Kuwaka si kujaa, mkuu. Betri iliyobaki nusu bado inawasha IST vizuri tu. Ila betri ya risasi ikikaa na chaji pungufu kwa miezi, salfeti inagandia kwenye sahani zake na kuwa ngumu. Ikishakuwa hivyo, hata uichaji usiku kucha haishiki tena. Ndiyo zile betri mtu analalamika zimekufa kabla ya wakati.

Mwana wa Ng'ambo
Salaam ndugu yangu. Mie niko Maskati, na huku kila kiangazi watu wanaacha magari wakienda likizo, wakirudi ni kubustiana tu mtaa mzima. Joto ndilo adui. Betri hata ukiichomoa hujimaliza yenyewe polepole, na kila joto likizidi nyuzi 10 hivi, kasi ya kujimaliza inakaribia mara mbili. Na chini ya mabati mchana si mchezo. Kama waichomoa, itie ndani chumba chenye kivuli na hewa. Habari ya sementi usijali, hayo yalikuwa ya betri za zamani zenye maboksi ya mpira. Hizi za plastiki weka popote.

Mama Tunu
Kaka, kuna njia ya tatu. Mimi nina kipaneli kidogo cha sola, wati 10, na chaji kontrola yake, kile kidude kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi. Kipaneli juu ya bati, waya unashuka mpaka kwenye betri, alamu inaendelea kufanya kazi. Ila usiunge kwenye tundu la kuchajia simu, magari mengi tundu hilo linakufa ukizima swichi. Unga kwenye betri yenyewe, na uweke fyuzi karibu na betri.

Kimara_Mwisho
Dada, nimeipenda hiyo. Fundi, inatosha kwangu?

Fundi Waya
Inategemea gari lako linakula kiasi gani. Pima kwanza. Tafuta multimita, weka kwenye ampea 10. Zima kila kitu, fungua boneti, toa waya wa hasi na uunganishe mita katikati ya waya huo na kichwa cha betri. Funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta ilale, ndipo usome. Usiguse swichi ya gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Kimara_Mwisho
Nimepima jioni hii. Ilianza juu sana, ikashuka, ikatulia kwenye 0.09.

Fundi Waya
Miliampea 90, nyingi hizo. Ni zaidi ya Ah 2 kwa siku, kwa hiyo siku kumi tu betri iko nusu. Chomoa fyuzi ya ile alamu uangalie mita.

Kimara_Mwisho
Imeshuka mpaka 0.03!

Fundi Waya
Basi mla chaji umemjua. Hata hizo 30 zilizobaki kwa miezi mitano zinamaliza betri mara mbili na chenji. Wati 10 za dada zingezifidia bila shida, lakini wewe uko ndani ya geti na kuna mtu nyumbani. Ningekuwa wewe ningechomoa betri kabisa. Ichaji ijae, itulie usiku mmoja, upime kwa mita ikiwa kwenye volti: volti 12.6 kwenda juu imejaa. Halafu shemeji apime kila mwezi. Ikifika 12.4 aichaji, asisubiri ishuke 12.2, hapo ni nusu tayari.

Mama Tunu
Chaja iwe ile inayojikata yenyewe. Zile za kizamani ukizisahau zinachemsha maji ya betri, na hewa inayotoka hapo inalipuka, madirisha yawe wazi. Maji yakipungua aongeze yaliyotoneshwa (distilled), asiongeze asidi.

Mwana wa Ng'ambo
Na umwachie hela ya LUKU, sheikh. Chaja bila umeme ni pambo.

Kimara_Mwisho
Hahaha, sawa. Tracker je? Itazimika?

Fundi Waya
Itazimika. Nyingi zina kabetri ka ndani kanakoshika saa chache, itakutumia ujumbe kuwa umeme umekatwa, halafu kimya. Waambie mapema wanaokuhudumia wasije wakadhani gari limeibiwa.

Kutoa, anza na hasi. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Spana namba 10 inatosha. Ukirudisha, saa na redio utaziseti upya, na injini inaweza kuunguruma ovyo kidogo mwanzoni hadi kompyuta ijipange. Tairi jaza upepo kuzidi kidogo wa kawaida, na hendibreki usiivute, weka gia P na mawe kwenye tairi, breki zisigandie.

Kimara_Mwisho
Shukrani wakuu wote. Kesho namwita shemeji nimfundishe kusoma mita. Alamu nayo naing'oa kabisa, nikirudi natafuta nyingine.

Dereva wa Bara
Fundi, na mimi hiyo mita inauzwa wapi?