Kategoria au lebo: makala zipangwe vipi?

Mkulima wa Kayole: Blogu yangu inaendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na ina makala zipatazo mia tatu kuhusu kilimo cha mjini. Nimeazimia kufuta kategoria zote, yaani mafungu makuu ya makala, nibaki na lebo peke yake, yaani maneno ya mada yanayobandikwa kwenye makala, kama ilivyo katika Blogger, huduma ya blogu ya Google. Sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia ni kilimo, ni lishe, na pia ni matumizi ya maji yaliyooshea vyombo. Kuiingiza katika chumba kimoja ni mazoea ya wakutubi, wanaopenda kufungia kila kitu kabatini. WordPress yenyewe imekuwa na lebo tangu ilipoanza mwaka 2003.

Mkutubi: Nimefanya kazi maktabani miaka kumi na minane, na neno hilo la kabati limeniuma. Kitabu hukaa kwenye rafu moja kwa sababu nakala ni moja. Katika katalogi tulikiandikia vichwa vya mada kadhaa kabla hatujaona kompyuta, kwa hiyo lebo mnazojivunia ni kazi ya mikono yetu. Isitoshe, WordPress inaruhusu makala moja iwe katika kategoria nyingi. Hicho chumba kimoja, ndugu yangu, umekijenga mwenyewe.

Mhariri wa Ngara: Lebo hazikuwepo mwaka 2003; ziliingia WordPress katika toleo la 2.3, Septemba 2007. Linalonisumbua mimi zaidi ni lugha yetu, ambayo hubadilisha neno mwanzoni: ugonjwa uko kwenye U, magonjwa yako kwenye M. Mwandishi akianza kuandika “ug”, programu haimpendekezei “magonjwa”, hivyo huunda lebo ya pili bila kujua, na msomaji anayebofya moja hazioni makala za nyingine.

Mkulima wa Kayole: Hicho chumba kimoja sikukijenga, nilikikuta. Makala usipoichagulia kategoria, programu huitia katika ile ya vitu visivyoainishwa, ambayo haifutiki mpaka uteue nyingine ishike nafasi yake.

Mkutubi: Basi umekiri kwamba huwezi kuzifuta zote. Weka kategoria tano au sita zinazomwonyesha mgeni unaandika kuhusu nini, kisha lebo zibebe magunia, mbolea na wadudu. Lakini amua leo kama utaandika umoja au wingi, kwa sababu makala zikifika elfu hakuna atakayekaa kuziunganisha. Na lile neno la kabati, bado nasubiri uliondoe.