Mtu kanizimia TV zimebaki dakika tatu muuaji atajwe, halafu ananiambia polisi siyo fasihi!

Wakuu, salamu baadaye.

Mnamjua. Wote mlioko Praha mnamjua sina haja ya kumtaja, ni huyo huyo wa skafu hata Julai, huyo ukimsabahi anakujibu na maneno ya Kafka, yule mwandishi. Jana kaja kwangu mtaa wa Žižkov, nimepika pilau, watu sita, na saa mbili usiku kuna marudio ya Hříšní lidé města pražského, wapelelezi wa Praha ya zamani, nimeisubiri wiki nzima jamani. Mwigizaji Marvan yupo, ndiye "rada" Vacátko mwenyewe, yaani mkuu wa wapelelezi, mzee katulia anamwangalia mtuhumiwa kama babu anayejua nani kadokoa nyama jikoni, mimi kijiko kiko hewani wala sikumbuki kama nakula. Zimebaki dakika tatu. Jamaa ananyoosha mkono, anachukua rimoti, anazima.

ANAZIMA TV. KWANGU.

Halafu anasema, "Haya sasa tuongee mambo ya maana, polisi siyo fasihi." Na kwenye kile kioo cheusi naiona sura yake anavyotabasamu.

Siyo fasihi kivipi? Ile tamthilia imetoka kwenye hadithi za Jiří Marek, mwandishi kabisa, siyo trafiki. Mwandishi Čapek, huyo ambaye mchezo wake wa kuigiza wa 1920 ndio uliipa dunia neno roboti, 1929 katoa vitabu viwili vya hadithi vimejaa kesi na wapelelezi. Mwandishi Škvorecký je, na luteni wake wa hadithini Borůvka, mpelelezi mwenye huzuni utadhani kafiwa yeye? Mtu aliyekimbilia Kanada baada ya vifaru vya Wasovieti kuingia 1968, akafungua na mkewe nyumba ya uchapishaji Toronto wakawa wanatoa vitabu vilivyopigwa marufuku kwao, huyo kaandika polisi! Wewe wa skafu umetoa nini zaidi ya kubonyeza rimoti za watu?

Dakika tatu wakuu. Kala pilau sahani mbili, kazima, na mpaka naandika hapa sijui nani kaua.

mama_wa_Brno: Pole mdogo wangu. Huyo alikuja kwangu akaanza kupanga upya vitabu kwenye shelfu, eti vya upelelezi viwekwe chini karibu na viatu. Ulimwalika wa nini lakini?

Fundi_Plzen: Tamthilia ya 1968 hiyo, nchi nzima inamjua muuaji umebaki wewe tu 😂 ingia intaneti umalizie tulale

Mleta uzi: Mkuu suala siyo intaneti! Kijiko mkononi, Vacátko anafungua mdomo, mtu ANAZIMA. Ungekuwa wewe?

Kachero_mstaafu: Mngekuwa na hasira na Major Zeman, ile tamthilia ya polisi ya enzi za ukomunisti, ningewaelewa. Mwongozaji ni Sequens, huyo huyo wa Hříšní lidé, vipindi 30, miaka ya sabini, polisi wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, chama hakikosei hata mara moja. Walivyoirudisha hewani 1999 Wacheki walitukanana nchi nzima, ikabidi irushwe na vipindi vya kueleza historia pembeni. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

BintiKisauni: Kile kipindi cha Zeman cha bendi ya nywele ndefu inateka ndege, wale walikuwa wanawachafua Plastic People, bendi ya rock iliyopigwa vita na serikali, mchana kweupe. Baba mkwe wangu ni Mcheki, kikianza anatoka sebuleni anaenda kuvuta sigara kwenye baridi. Mimi pia siangalii.

Kachero_mstaafu: Bibie, Brabec aliyekuwa Zeman aliigiza vizuri lakini, tuseme ukweli

BintiKisauni: Kuigiza vizuri uongo ndiyo mbaya zaidi!!

Fundi_Plzen: Mimi kero yangu dabingi. Nafungua TV askari wa New York anaongea Kicheki kunishinda mimi niliyelipia kozi miaka miwili. Ile herufi yao ř natoa mate tu.

mama_wa_Brno: ř inakuja yenyewe ukikasirika, jaribu ukiwa posta kwenye foleni. Kero yangu mimi ni maktaba. Nchi ilikuwa na sheria ya kila mji na kijiji kuwa na maktaba tangu 1919 mpaka 2001, mpaka vijijini wanasoma, halafu mtu mmoja kaazima Borůvka tangu Machi hajarudisha na mimi ndiye nafuata kwenye foleni.

Mleta uzi: Dada tusitoke kwenye mada. Dakika tatu!

Kachero_mstaafu: Ngoja kwanza, hilo pilau lilikuwa la nyama gani?

Mleta uzi: La mbuzi.

Fundi_Plzen: Mbuzi??? Unampata wapi Praha? Mimi huku mwaka wa tatu nakula nguruwe wa wenzangu kwa macho

mama_wa_Brno: Na mimi nitumie inbox, na kilo bei gani