Naomba ushauri: Kolibri ya watoto wa kusomea nyumbani, kadi inaharibika umeme ukikatika (Goma)

Wandugu, jambo. Ni watoto 6, wa mwaka wa 7 na wa 8, wanasomea nyumbani Himbi. Masomo yako kwenye Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti) ndani ya Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, hapa chini naiita Pi), kadi ya kumbukumbu ya GB 128, chaneli ya Khan Academy ya Kifaransa. Simu zinashika Wi-Fi ya Pi yenyewe, hakuna mega inayoliwa.

Shida ni umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pawabenki ya ampea 2 inaiwasha vizuri, lakini watoto wanne wakifungua video pamoja, alama ya radi inatokea pembeni ya skrini, kisha mashine inajizima na kujiwasha. Ikizimika wakati Pi inaandika kwenye kadi, faili za kadi zinavurugika. Kuizima kwa amri kunasaidia, ila umeme wa hapa hauagi ukienda!

Nihamishie masomo kwenye SSD (diski) ya USB, ingawa nayo inaongeza mzigo, au ninunue betri ya volti 12 na kishusha volti cha ampea 5?

Halafu rédaction (insha): Kolibri haiisahihishi. Anayesahihishia watoto kwa picha za daftari, anapangaje?

Aksanti.